Kwenu wanangu mnaotundika daluga

Wanangu,

Kila msimu ukiisha nawasikia: "Natundika daluga, naingia kwenye ukocha." Nafurahi. Kisha mnaulizia timu gani ya ligi kuu ina nafasi, na hapo roho yangu inauma. Nimeshuhudia vijana wenye kipaji cha kufundisha wakitimuliwa baada ya mechi chache, wasikanyage tena uwanja wa mazoezi.

Mtazameni Luis de la Fuente, mzaliwa wa Haro, Hispania, mwaka 1961. Akiwa beki wa kushoto wa Athletic Bilbao alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 1983 na 1984. Bingwa huyo akaenda kufundisha Portugalete, klabu ndogo ya nchi ya Wabaski, na baadaye timu za vijana. Mwaka 2011 Alavés walimpa timu ya wakubwa, wakamtimua mwaka huohuo. Umri wake miaka 50!

Wengi wetu tungekata tamaa. Yeye mwaka 2013 akakubali kazi ya kufundisha timu za vijana za taifa la Hispania. Mwaka 2015 vijana wake wa chini ya miaka 19 wakawa mabingwa wa Ulaya, miongoni mwao Rodri, Mikel Merino na kipa Unai Simón. Mwaka 2019 akatwaa ubingwa wa chini ya miaka 21. Simón na Merino walikuwa bado naye, na sasa wamo pia Dani Olmo na Mikel Oyarzabal.

Desemba 2022 alipokabidhiwa timu ya wakubwa, mechi yake ya pili tu alifungwa 2-0 na Scotland, na lawama zikamwangukia. Lakini wachezaji wale alikuwa amewalea mwenyewe. Fainali ya Euro 2024, Berlin, England wamesawazisha: Oyarzabal akaingia kutoka benchi, dakika ya 86 akafunga la pili. Mwishoni Olmo akaokoa kwa kichwa mpira uliokuwa unavuka mstari wa goli. Wote wawili, vijana wake wa 2019.

Basi nawaomba. Jumamosi asubuhi watoto wa mtaani kwenu watacheza bila kocha, wakigombana nani awe golikipa. Nendeni na filimbi. Mipira na koni ninazo, njooni mchukue.

Mzee wenu