Fedha tulipeleka supamaketi, deni tukamwachia mwenye duka

Kwa Mhariri,

Usiku wa Jumapili iliyopita nilimimina unga kwenye beseni, nikakuna nazi, nikakamua tui, nikatwanga iliki. Nilipofungua kopo la hamira nikakuta limebaki vumbi tu. Ilikuwa saa nne kasorobo. Mwaka jana jambo hili lisingekuwa neno. Ningejitanda leso, nikavuka njia, nikagonga dirisha la duka, na kabla sijamaliza kutoa salamu Ami, mwenye duka, angekuwa ameshanyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Safari hii nilibaki nimesimama mlangoni natazama kufuli mbili. Asubuhi wateja wangu wakaja wakakuta karai limefunikwa: wazee wanaotoka msikitini, vijana wanaowahi kazi bandarini, watoto wa shule. Ndugu wawili wa darasa la tatu na la tano walishika njia bila kutia kitu tumboni, kwa kukosa vijiko viwili vya hamira.

Mimi ni mama wa makamo, nauza mahamri na mbaazi barazani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, na huu ni mwaka wangu wa 19. Naandika kwa sababu kila nikisikia watu wakizungumzia maduka ya mtaa yanayofungwa, lawama huwa ni ya supamaketi peke yake. Mimi naona tumesahau kujitaja sisi wenyewe.

Ami si jina lake, lakini mtaa mzima tulimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Duka lake halikuzidi hatua nne kwa tano. Magunia ya mchele yalikaa chini, mdomo umekunjwa. Mafuta ya taa nje, mbali na vyakula. Bizari nzima, mdalasini na karafuu kwenye mitungi ya kioo. Ukimtaka sukari robo, huchukua ukurasa wa gazeti, akaukunja kwa mkono mmoja ukawa pembe, akamimina kwa kopo. Mizani yake ilikuwa ya sahani mbili na mawe ya chuma. Sahani zikishalingana hakuishia hapo: alichota tena kwa ncha za vidole vitatu, akaongeza, ndipo akafunga. Hata alipoletewa mizani ya betri inayoonyesha nambari, vile vidole vitatu havikuacha kuongeza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akipunguza.

Na daftari. Lilikuwa refu, jalada jeusi, na mimi humo niliandikwa Mama Mahamri. Jioni nilichukua unga kilo nne, sukari, mafuta lita moja, hamira. Asubuhi nikiuza, kufika saa nne nimeshavuka njia kumlipa, na jioni tunaanza tena. Huo ndio uliokuwa mtaji wangu. Sikuwahi kuingia benki kuomba mkopo, wala sijui ningeweka dhamana gani. Watoto wangu watatu wamesoma kwa daftari lile.

Wanaosema duka dogo ni mambo ya kale nawaomba wakumbuke Mei 2020. Tarehe 6 serikali ilifunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na ilikuwa Ramadhani. Tulikaa hivyo mwezi mzima. Hata swala ya Idi tuliswalia majumbani. Supamaketi zote zilikuwa ng'ambo ya vizuizi vya polisi. Biashara yangu ilisimama, na mume wangu siku zile alikuwa kibarua asiyeitwa kazini. Ami alitupa mchele, tende na maharagwe siku zote zile, akaandika, hakuuliza lini. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na mjane asiyeweza kutamka neno la kukopa. Ami alikuwa akimwita mwanangu mdogo, anampa mfuko, anamwambia, "Mpelekee bibi, mwambie ni wake alisahau hapa." Mjane yule ameshatangulia mbele ya haki, ndiyo maana nathubutu kulisema.

Sasa nije kwetu. Vizuizi vilipoondolewa, mume wangu akapata kazi ya kudumu, nasi tukashika njia waliyoshika wengine. Mshahara ukiingia mwisho wa mwezi, tunapanda tuktuk, tunasukuma kigari, tunalipa elfu sita taslimu na kurudi na mifuko. Ikifika tarehe 15 mfuko umetoboka. Hapo ndipo mtoto anatumwa dukani: "Ami, mama asema umwandikie." Nyumba baada ya nyumba tulifanya hivyo. Tulipokuwa na fedha tulimpita, tukiishiwa tunamkumbuka. Alibaki akiuza chumvi, viberiti na deni.

Tazama na mwendo wenyewe wa biashara. Supamaketi kubwa huchukua bidhaa kwa malori, huuza leo kwa fedha taslimu, na humlipa msambazaji baada ya wiki kadhaa au miezi. Kwa Ami ilikuwa kinyume. Yeye alimlipa muuzaji wa jumla papo hapo, robota kwa robota, kisha akatusubiri sisi. Wao wanafanyia kazi fedha za watu, yeye fedha zake ndizo zilizolala majumbani mwetu. Nani angeshinda hapo? Juu yake kuna kodi ya chumba, leseni ya kaunti, karatasi ya zimamoto na cheti cha afya, na vyote havimsubiri mtu auze kwanza.

Lakini ukubwa nao si dawa. Nakumatt ilikuwa na matawi mpaka hapa Mombasa, ikaporomoka, na mwanzoni mwa 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo. Wafanyakazi wakabaki nje ya milango, na wasambazaji wakabaki na ankara zisizolipwa. Mtaa ambao umeshaua maduka yake kwa kuitegemea supamaketi moja, siku ile unakimbilia wapi?

Sisemi supamaketi ni mbaya. Maziwa yake ni ya baridi, tarehe zimeandikwa, na vijana wengi wa Kisauni na Likoni wamepata riziki humo. Mwenye mshahara mnono na kabati kubwa, ununuzi wa mwezi unamfaa. Mimi hesabu yangu haiendi hivyo. Nikiokoa shilingi 15 kwenye pakiti mbili za unga, tuktuk ya kwenda na kurudi imeshakula 200.

Na kuna la bei, ambalo limeniuma. Mwezi uliopita, kwenye supamaketi moja ambayo sitaitaja, nilichukua dumu la mafuta ya kupikia. Kibandiko cha rafuni kilisema 780. Kwa keshia likatoka 865. Nikamwambia binti yule kwa upole kwamba huko ndani pameandikwa vingine. Akaniambia, "Kompyuta ndiyo imesoma hivyo, mama." Akaitwa msimamizi. Nikangoja, watu nyuma yangu wanahema, mmoja akanisukuma kigari kwenye kisigino. Msimamizi alipofika alisema kibandiko ni cha zamani, nichukue au niache. Niliacha. Mlangoni askari akanishika mkoba, akapekua mpaka chini ya leso yangu, na mimi sikununua kitu. Katika miaka 19 Ami hakuwahi kunipekua, na mara nyingi alinifungulia mlango wa pembeni niingie nichote mchele mwenyewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kufaidi bidhaa, na kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Kwangu mimi bei iliyo kwenye rafu ni ahadi. Wenye supamaketi wabadilishe vibandiko kabla ya kubadilisha kompyuta, si baada. Na kama mteja ameonyesha tofauti, alipe ile aliyoiona. Kaunti yetu nayo iwaruhusu wenye maduka madogo walipe leseni kwa mafungu ya mwezi. Mtu anayeuza sukari kwa robo hawezi kuombwa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa mwaka, wakati wateja wake wamemaliza fedha kwa karo.

Ami alifunga duka baada ya Ramadhani iliyopita. Alipita nyumba kwa nyumba kuaga, daftari kwapani. Kwetu alikaa barazani, akala mahamri mawili, akafungua ukurasa wangu. Nilikuwa na 2,340. Akasema, "Mwanangu, ukipata." Nililipa elfu moja palepale, na zilizobaki nilimtumia kwa M-Pesa mara tatu mpaka zikaisha. Kila mara alinijibu kwa dua. Lakini nilimwona akigeuza kurasa kabla hajainuka, na nyingi zilikuwa hazijapigwa mstari. Majirani zangu mnaosoma barua hii mnajijua. Nambari yake haijabadilika.

Chumba bado kiko wazi. Mwenye nyumba ameacha rafu na kaunta ya mbao kama zilivyokuwa. Kijana yeyote anayetaka kukichukua aulize kwa mama wa mahamri, Kibokoni, nitampeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba. Mahitaji yangu ya kila jioni ni unga kilo nne, sukari kilo moja, mafuta lita moja na hamira, na nitalipa fedha mkononi.

Mama Mahamri,
Kibokoni, Mombasa