Taa ya sikio moja: barua ya wazi kwa Ofisa Mfawidhi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Mtwara

Ndugu Ofisa Mfawidhi,

Mimi ni fundi gereji, Magomeni hapa Mtwara. Spea ninazofunga nyingi ni za mtumba. Zinatoka Japani au Dubai, zinashushwa Dar es Salaam, kisha zinaletwa huku kwenye buti la basi. Baharini zinavuka salama. Zinavunjikia kilomita kama 550 za mwisho, kati ya Mbagala na stendi yetu.

Mwezi uliopita mteja wangu wa Tandahimba alituma shilingi 180,000 Kariakoo, anunue taa ya mbele ya gari lake, Toyota Noah. Picha tuliyotumiwa ilionyesha taa nzima. Ilifika ndani ya boksi la biskuti, imeviringishwa gazeti, juu yake limekaa bando la mabati. Kioo hakikuwa hata na mkwaruzo. Kilichokatika ni sikio, kile kipande cha plastiki kinachopokea bolti. Asiye fundi ataona ni kitu kidogo, lakini taa isiyo na sikio inacheza. Kila gari likiingia shimoni, mwanga unaruka juu na kumpiga machoni dereva anayekuja.

Hapo ndipo mpira ukaanza kupigwa. Mwenye duka: mzigo umetoka kwangu mzima, wabane wa basi. Karani wa vifurushi akanionyesha maandishi kwenye risiti, kwamba wao hawahusiki na kinachovunjika. Mteja hao wote hawajui. Anayemjua ni mimi.

Nimeambiwa kwamba kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, kwa kawaida huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi. Ila sheria hiyohiyo inamtaka apatane na msafirishaji kwa namna inayofaa aina ya mzigo. Sasa nani atathibitisha walipatana nini, wakati boksi lilipokelewa limefungwa, likalipiwa nauli, likatupwa butini?

Barabara nayo ina lawama yake, na hatujasahau Mei 2024 ilivyokatika Somanga, kule Kilwa, baada ya Kimbunga Hidaya. Lakini shimo halimkuti aliyefunga vizuri. Niliwahi kupokea gia boksi ya otomatiki ambayo konveta yake, lile duara zito linalokaa kati ya injini na gia boksi, haikufungwa waya. Ilichomoka njiani, ikaharibu pampu. Waya wenyewe hauzidi shilingi elfu moja! Kuli aliyepakia simlaumu, hakuna aliyemwelekeza.

Fidia siombi, ya taa ile nimeshamalizana na mteja, kwa hasara yangu. Ninachoomba ni uwaagize wenye mabasi kwamba spea ifunguliwe kaunta inapopokelewa, ipigwe picha, na hali yake iandikwe kwenye risiti. Ikifika huku ifunguliwe tena mbele ya karani, ndipo mtu asaini. Leo tunasaini kwanza, ukirudi na malalamiko unaambiwa umevunja mwenyewe nyumbani. Karani atasema foleni itakuwa ndefu. Kufungua boksi ni dakika tano; ugomvi wa taa ile umenila siku tisa.

Naomba hili lifanyike kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikianza, watu wanapata fedha na magari yaliyolala mwaka mzima yanaletwa gereji, na buti za mabasi zinajaa spea kuliko wakati wowote.

Wako,
Fundi gereji, Magomeni, Mtwara