Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kupima Kabla ya Kuchimba

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na habari za tangu tuachane. Mkutano uliopita mlituagiza jambo moja: jembe lisiguse magofu mpaka tujue kilicho chini. Ndilo lililotumalizia mwaka mzima, na sehemu kubwa ya fedha, kwa hiyo naanza nalo.

Tulikodi magnetomita. Kwa ambao hawakuwepo: ni chombo cha kubeba, unatembea nacho polepole, nacho kinasoma nguvu ya sumaku ya ardhi kila hatua. Hapa pwani yetu nguvu hiyo ni kama nanotesla 33,000 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Tunachokitafuta sisi kinaibadilisha kwa nanotesla chache tu. Udongo ulioungua, uwe wa jiko, tanuri au nyumba iliyoshika moto, ukipoa hubaki na sumaku yake kwa mamia ya miaka. Mtafiti Martin Aitken alipokibeba chombo cha aina hii kule Uingereza mwaka 1958, kilichojitokeza kwanza ni matanuri ya vyungu ya enzi za Warumi. Matumbawe, kwa upande wake, karibu hayana sumaku, hivyo ukuta wetu wa mawe ya matumbawe na chokaa unaonekana kwa upungufu: mstari uliofifia katikati ya udongo.

Mazoezi tuliyafanya kwenye shamba la minazi lenye kuta mbili zilizobaki, kwa kibali na kwa ridhaa ya mwenye shamba. Tulipiga vigingi vya mbao, viwanja vya mita 20 kwa 20, kamba kila mita moja. Siku ya kwanza picha ya vipimo ilitoka milia mitupu, kama pundamilia, na wapo walioanza kushangilia kwamba ni vyumba. Havikuwa vyumba. Mbebaji alikuwa na funguo mfukoni: akienda chombo kinasoma hivi, akirudi kinasoma vile. Mbebaji mwenyewe ni huyu anayewasomea taarifa. Viwanja vinne vikarudiwa.

Jingine lililotusumbua ni uvumi. Siku ya pili tulikuta vijana wamejaa wakituuliza kama tumeshazipata rupia za Mjerumani. Katibu aliwaketisha chini ya mwembe, akawaonyesha picha kwenye kompyuta, na mzee mmoja akasema, "Kumbe mnatafuta majiko ya bibi zetu." Sijasikia maelezo bora ya kazi hii. Hata hivyo naomba picha hizi zisitumwe kwenye makundi ya simu. Doa jeusi kwenye ramani, kwa mwenye tamaa, ni alama ya kuchimbia usiku.

Mtauliza faida. Tazameni Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani. Ni mji wa mwishoni mwa karne ya 14, ukahamwa mapema karne ya 16, na UNESCO iliuorodhesha kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Kilwa Kisiwani mwaka 1981. Kila mgeni anapiga picha nyumba za mawe na misikiti, anazipita sehemu za wazi. Kuanzia mwaka 2009 timu ya wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilifanya kazi pale, na Kate Welham na wenzake wakazipima hizo sehemu za wazi. Zilikuwa na mengi, zikiwemo dalili za nyumba za fito zilizokandikwa udongo. Yaani nusu ya mji tulikuwa tukiikanyaga bila kuiona, na ni nusu ya watu wasio na uwezo wa kujenga kwa mawe. Mimi binafsi hilo lanitosha kulipia kodi ya chombo.

Rada ya ardhini, chombo kinachopeleka mawimbi chini ya udongo, hatukuikodi. Bei ni kubwa, na karibu na bahari maji ya chumvi yaliyo ardhini huyameza mawimbi yake kabla hayajafika mbali. Wanaotaka tuijaribu kwenye mwinuko, hoja yao ipo kwenye ajenda.

Kuhusu ada, mweka hazina atasema; mimi nasema tu kwamba wadaiwa ni wengi kuliko walipaji.

Kiwanja cha kaskazini, penye duara jekundu kwenye ramani ambalo bado tunabishana juu yake, kitarudiwa Julai nyasi zikishafyekwa. Njooni na ndala. Funguo, saa na mikanda mtaviacha kwa katibu, na mwenyekiti atapekuliwa wa kwanza.