Matofali ya mabaki ya tanuru yapimwe kabla ya kuuzwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu swali ambalo wajenzi wengi wa Lubumbashi wananiuliza: je, matofali ya majivu ya viwandani, yale yanayosifiwa kutoka India, yanaweza kutengenezwa hapa kwetu kwa ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru la shaba?

Tofali la majivu lenyewe ni zuri, sina ubishi. Kule India mitambo ya umeme huchoma makaa ya mawe, na majivu laini yanayonaswa kabla ya kutoka kwenye bomba la moshi huchanganywa na chokaa na jasi, au na saruji na mchanga, yakashindiliwa kwa mashine, kisha yakamwagiliwa maji kwa wiki mbili tatu hadi yashike. Hayachomwi kamwe. Kwetu sisi huchimba udongo wa kichuguu, tukafyatua, tukapanga tanuru na kulilisha kuni usiku na mchana, na wakata kuni sasa wanaifuata miti ya miombo mbali sana na mji. Nimewasha matanuru mengi kwa mikono yangu, na miti hiyo inaniuma.

Lakini majivu hayo hatuna. Umeme wetu hutoka kwenye maji, kwenye mabwawa ya Nseke, Nzilo, Mwadingusha hadi Inga. Mtambo wa makaa ya mawe uko Maamba, kusini mwa Zambia, na gharama ya kuyasafirisha majivu kutoka huko hadi mpakani Kasumbalesa ingeifuta faida yote. Tulicho nacho ni mabaki ya tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, yaani mwamba ulioyeyuka ukapoa. Yakisagwa yanaweza kushika nafasi ya mchanga katika zege, ila ndani yake mna shaba, zinki na kobalti, na ndiyo maana mlima huo umechotwa upya ili kobalti itolewe.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Watu ambao miili yao imekwisha kubeba mzigo huo hawapaswi kuongezewa ukuta usiojulikana una nini, ukuta utakaoloweshwa na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, huku watoto wakiuegemea na kisima kikiwa hatua chache tu kutoka hapo.

Mwaka jana mteja wangu wa Kampemba aliletewa matofali meusi na muuzaji aliyeshindwa kumweleza mchanganyiko wake. Nilikataa kuyajengea, na kazi ile akapewa fundi mwingine.

Naomba wakuu wa mji wamtake kila muuzaji aandike mchanganyiko wa tofali lake na aonyeshe cheti cha maabara: limebeba uzito gani, na likilowekwa majini metali gani hutoka na kwa kiasi gani. Vijana wanaosaga mabaki hayo nao wapewe vinyago vya kuzuia vumbi. Wakati vipimo vikisubiriwa, anayetaka kuokoa miti anaweza kujengea tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, kwa maana nalo halihitaji kuni hata moja.

Fundi mwashi,
Kampemba, Lubumbashi