Waacheni watoto waliimbe hili, waliolifanya walikuwa watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba sisi wazazi wa huku ughaibuni tunawaumiza watoto kwa kuwachezesha maigizo ya mabomu na mbwa wa polisi ya enzi za ubaguzi wa rangi Marekani, kwamba mtoto wa miaka 11 aachiwe nyimbo za kufurahisha, hayo mengine atayasoma akikua. Nimemwelewa kabisa wala simlaumu, maana hata mimi nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka mwaka huu binti yangu alipochaguliwa kwenye igizo la nyimbo la vijana hapa Birmingham, Alabama, tunakoishi mwaka wa 6 sasa.

Igizo lenyewe linahusu marafiki wawili mwaka 1963, mmoja Mweusi mmoja Mzungu. Mama wa yule Mweusi anafanya kazi za ndani kwa kina yule Mzungu, siku ambazo hakuna shule anakuja na mwanae, basi watoto wanakaa jikoni wanacheza drafti. Ila mlango umefungwa, pazia limeshushwa, na mama anaosha vyombo huku jicho liko dirishani. Nikamuuliza mwongozaji, hivi hili pazia hamjalitia chumvi kweli? Akanionyesha karatasi. Kumbe jiji la Birmingham lilikuwa na sheria ya mwaka 1950, Mweusi na Mzungu marufuku kucheza pamoja karata, dadu, domino, drafti, besiboli, kikapu, yaani wamekaa watu wazima wakataja mchezo mmoja mmoja. Drafti jamani! Marehemu baba yangu kule Tanga alikuwa anacheza drafti na mzee mmoja wa Kihindi barazani kila baada ya alasiri, wanatumia vizibo vya soda, wanagombana mpaka majirani wanatoka nje kuangalia, na siku baba alipolazwa yule mzee ndo alikuwa wa kwanza kufika hospitali na chupa ya uji. Nikawawaza wale wazee wawili wanapigwa pingu kwa ajili ya vizibo. Waliotunga ile sheria walijua wanachokiogopa, watu wakishazoea kukaa kwenye drafti moja kesho mmoja asipoonekana mwenzake atamuulizia.

Sasa nirudi kwenye hoja ya kwamba watoto ni wadogo mno kwa mambo haya. Tarehe 2 Mei 1963 waliotoka kwenye kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 kuandamana dhidi ya ubaguzi walikuwa wanafunzi. Wazazi wengi walikuwa wanaogopa, ukikamatwa kazi imekwenda na nyumba ya kupanga imekwenda, sasa mtoto hana kazi ya kufukuzwa, basi watoto ndo wakaingia barabarani, wengine waliruka uzio wa shule. Watangazaji wa redio za Weusi walipitisha ujumbe kwa mafumbo, waje na miswaki, na kila mtoto akajua maana yake ni kwamba leo utalala ndani. Kwenye igizo letu hapo kuna wimbo mzima watoto wanaimba wameshika miswaki juu, na mimi niliyezoea kugombana na binti yangu kila usiku kapige mswaki kapige mswaki, nilishindwa kuangalia. Walikamatwa mamia siku hiyohiyo ya kwanza, na kesho yake mkuu wa usalama wa jiji, Bull Connor, akaamuru mbwa na mipira ya maji ya zimamoto. Jela zilijaa mpaka watoto wakapelekwa kwenye viwanja vya maonyesho, chukulia kama Sabasaba vile. Audrey Faye Hendricks alikuwa na miaka 9, alikaa ndani wiki nzima. Tisa! Huyo nani alimsubiri akue kwanza?

Na lile bomu la wabaguzi, lililoua wasichana wanne, Addie Mae na Denise wakiwemo. Jumapili tarehe 15 Septemba mwaka uleule, saa 4 na dakika 22 asubuhi, kanisa lilelile. Ilikuwa siku ya vijana, wasichana wako chooni chini wanajiweka sawa kabla ya ibada. Sarah Collins, aliyepona na kupoteza jicho moja, amesimulia kwamba kitu cha mwisho alichokiona ni Denise anamwomba Addie Mae, dada yake Sarah, amfungie mkanda wa gauni. Ndugu Mhariri mimi ukiniuliza urafiki wakati wa zile harakati za kupinga ubaguzi ulikuwaje nitakuonyesha huo mkanda. Mkubwa anamfunga mdogo gauni, basi, kama wanavyofanyiana wanetu kila Jumapili na kila Idi.

Hapo ndo nilipokwazika na igizo, na niseme ukweli, kwamba baada ya bomu skripti iliwaleta wale marafiki wawili wanakumbatiana na wimbo wa furaha unaanza, kama vile yameisha. Wazazi kadhaa tukaomba warekebishe. Binti yangu mwenyewe aliniuliza, mama, waliotega walikamatwa lini? Nikamwambia wa kwanza alitiwa hatiani 1977, wengine wawili 2001 na 2002. Akahesabu hapo mezani, akaniambia kwa yule wa kwanza tu ni miaka 14, ni umri wote wa Addie Mae. Mtoto aliyeweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe siwezi tena kumwambia subiri ukue. Waongozaji walisikia, nawashukuru, siku ya onyesho wale marafiki wawili walimaliza wamekaa kila mmoja upande wake wa stejini na drafti katikati, hakuna aliyesogeza kizibo, na ukumbi mzima ulikaa kimya muda mrefu kabla mtu hajapiga makofi.

Baada ya onyesho tuliwapeleka bustani ya Kelly Ingram, iko ng'ambo ya barabara kutoka kanisani, kuna sanamu za wale wasichana wanne, na Addie Mae amepiga goti anafunga ule mkanda. Watoto wetu waliokuwa wanasukumana njia nzima kwenye basi walilizunguka lile fundo wakaligusa mmoja mmoja.

Ombi langu ni dogo. Gazeti lenu lina ukurasa wa watoto, naomba siku moja muwachapishie habari hii, bila kuilainisha, na mkitaja majina tafadhali wekeni na umri kando ya kila jina: Addie Mae Collins 14, Cynthia Wesley 14, Carole Robertson 14, Denise McNair 11.

Mzazi Mtanzania,
Birmingham, Alabama, Marekani