Mpwa wangu ameambiwa kichwani mwake hamna hesabu

Mhariri,

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka minane alirudi nyumbani na karatasi yenye mchoro wa kichwa kilichogawanywa vyumba vyumba. Kuna mtu alipita shuleni kwao akawapapasa watoto vichwa, kisha akaandika nani atakuwa daktari na nani hana hesabu. Dada yangu alilipia huduma hiyo. Tangu siku ile mtoto akipewa zoezi la hesabu anasema, "Mjomba, kichwani mwangu hazimo."

Nimefundisha Biolojia miaka mingi na mchoro ule naufahamu. Ni frenolojia, iliyoanzishwa na daktari Franz Joseph Gall huko Vienna. Akiwa mwanafunzi aliona wenzake wenye macho ya kutokeza wanamshinda kukariri. Baadaye akashikilia kwamba kila tabia ina chumba chake katika ubongo, na chumba kikikua husukuma fuvu likatoa nundu. Alihesabu vyumba 27. Cha wauaji alikiweka juu ya sikio. Mwaka 1801 mtawala wa Austria alipiga marufuku mihadhara yake, kwa kuhofia kuwa ingeharibu dini.

Haki yake nampa: ni kweli sehemu za ubongo zimegawana kazi, na mwaka 1861 Paul Broca alionyesha sehemu inayohusika na usemi. Lakini nundu hazisemi lolote. Shika mfupa ulio juu ya nyusi zako. Ndani yake mna uwazi wenye hewa, ule unaouma mtu akibanwa na mafua, na ukubwa wake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mwenye komwe huenda ana mfupa na hewa tu hapo. Naye Pierre Flourens wa Ufaransa alipokata sehemu za ubongo wa ndege na wanyama, vyumba vya Gall hakuviona.

Wanasayansi waliiacha, wafanyabiashara wakaing'ang'ania. Kina Fowler wa New York walipapasa vichwa kwa malipo, wakauza na chati. Mwandishi Mark Twain alisimulia kwamba alimwendea Lorenzo Fowler jijini London bila kujitambulisha, akaambiwa penye nundu ya ucheshi pana shimo. Alikaa miezi mitatu, akarudi kwa jina lake. Safari hii shimo limekuwa mlima! Hata hivyo watu waliendelea kulipa, na chama cha frenolojia cha Uingereza kilidumu hadi 1967.

Nawasihi walimu wakuu wasiwafungulie geti watu hawa, na wazazi wadai pesa zao. Mtoto wa miaka minane hana namna ya kumbishia mtu mzima aliyevaa koti jeupe.

Karatasi ile ninayo mimi sasa. Kila jioni naketi na mpwa wangu kwa jedwali la sita. Jana tulifika sita mara saba.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro