Maigizo ya sayansi yaache kutuhutubia

Ndugu mhariri,

Salamu kutoka Ngamiani hapa Tanga. Mi si mwanasayansi, fizikia tuliachana zamani, ila vitabu na tamthilia zenye mambo ya sayansi nazipenda, na kuna kitu kinanikera. Maigizo ya wanafunzi yakiwa na mada ya sayansi basi jua utapigwa hotuba, anatoka mtoto kavaa koti jeupe anakutajia dalili za malaria moja baada ya nyingine, kwaya inaimba chandarua, makofi, kwisha. Sasa hiyo tamthilia au tangazo la zahanati limeota miguu?

Mchukue Mjerumani Brecht na igizo lake la Galileo, yule mwanasayansi wa zamani wa mambo ya nyota. Linaanza tu maziwa yanadaiwa hela, na mtoto wa mama anayemtunzia nyumba, Andrea, haelewi inakuwaje jua limesimama afu bado tunaliona linahama. Galileo anaweka kinara cha kunawia katikati ya chumba ndo liwe jua, anamkalisha dogo kwenye kiti, jua liko kushoto kwake, kisha anambeba yeye na kiti chake mpaka upande wa pili, haya sasa jua liko wapi? Kulia. Na limehama? Halijahama! Umeelewa bila kuhutubiwa. Baadaye wanakuja wasomi wakubwa, darubini ipo pale pale mbele yao, wao wanataka kwanza wabishane kama hizo nyota anazotaka kuwaonyesha zinafaa kuwepo. Nilicheka peke yangu, maana watu hao hata huku tunao.

Au igizo la Copenhagen la Michael Frayn, ilianza kuchezwa London 1998, watu watatu tu jukwaani na wote marehemu: mwanafizikia wa Denmark Bohr, mkewe Margrethe, na mwanafizikia Mjerumani Heisenberg aliyekuja kumtembelea 1941 wakati Denmark imekaliwa na Wajerumani, wanabishana alifuata nini hasa na bomu la atomiki limeingiaje hapo. Mi mtu wangu ni huyo mama, wanaume wakizama kwenye mahesabu inabidi warudi kwenye lugha ya kueleweka ili awafuate, na sisi tunaponea hapo hapo. Kitabu cha mwanafizikia Hawking cha 1988 kuhusu ulimwengu nacho kizuri, fomula kaweka moja tu maana alionywa kila fomula inafukuza nusu ya wanunuzi, lakini kitabu unaweza kuruka kurasa (niliruka), jukwaani unaruka nini?

Haya, sisi wa mkoa huu tunangoja nini na Erasto Mpemba? 1963, Magamba sekondari kule Lushoto, kidato cha tatu, vijana wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe ndo unatia kwenye friza. Nafasi zinaisha, Mpemba anaona liwalo na liwe anatia yake ya moto, baada ya saa moja na nusu yake imeganda, ya mwenzie isiyochemshwa bado majimaji. Anamuuliza mwalimu inakuwaje cha moto kigande kabla ya cha baridi, anaambiwa umechanganyikiwa wewe. Rafiki yake muuza aiskrimu hapa hapa Tanga mjini anamwambia mbona sisi ndo tunavyofanya, kafundishwa na kakaye! Anafika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine anasema hiyo ni fizikia ya Mpemba si ya ulimwengu, na darasa zima likapata utani wa kumkera nao kila akikosea. Mpaka siku Denis Osborne wa chuo kikuu Dar alipokwenda kuzungumza pale, kijana akasimama akauliza tena, wenzie wakacheka, lakini yule bwana akaenda akalipima, na 1969 wakachapisha pamoja.

Tamthilia si hiyo jamani, wahusika wapo, ugomvi upo, friza ipo. Kuna watakaosema mbona 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Ndo vizuri! Acha igizo liishe watu wanabishana mpaka kwenye daladala. Wana wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa pale Bagamoyo, kazi hiyo wanaiweza kabisa, ila nawaomba yule muuza aiskrimu wasimpe lafudhi ya Dar, na kwaya wasituletee.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga